Mlango wa Upande wa Barabara

Kavira, binti yangu, mama yangu mdogo,

Mama yako yuko chumbani anafunga valizi yako kwa mara ya tatu. Anatoa sweta, anarudisha sweta. Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha, ya chandarua na ya kusali, amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena mpaka gari liwashwe, donc mimi hayo ninayaacha. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ulipokuwa unavaa uniforme ya shule, na nisipolisema jioni hii utaondoka na uongo wangu ndani ya mizigo yako.

Ninasema ndani ya mizigo, na ni kweli kabisa. Uko ndani ya ile tube ya plastiki ulimoweka plan yangu, ule mchoro wa jengo.

Unakumbuka Jumapili. Wageni walikuwa wamejaa salon, pale sebuleni, wamekuja kukuaga kwa safari yako ya kazi, na wewe ukasimama na sahani mkononi ukasema: "Papa, ile plan yako ya Beni, ile ya mulango ya bale banapona, unipatie niende nayo. Kule nitajenga vile vile." Watu wakapiga makofi. Mimi nilicheka, nikaingia chumbani kuitafuta, nikakawia. Niliporudi nilisema ilikuwa chini ya makaratasi mengine. Haikuwa chini ya kitu chochote, ilikuwa juu pale pale. Nilikuwa nimekaa kitandani, sina nguvu ya kurudi kwenye makofi yale.

Mistari ya plan ile ni ya mkono wangu, hiyo sikatai. Lakini mlango ule wa wanaopona, ambao kwa ajili yake walinipa karatasi ya sifa iliyotundikwa salon, si wangu. Ni wa shangazi yako Masika.

Najua umesoma jina hilo na umekunja uso. Uso huo niliutengeneza mimi. Ngoja nikuambie namna gani, na nikiruka kitu, ujue ni aibu inanirusha.

Ugonjwa ulipoingia Beni, wewe ulikuwa bado shule ya secondaire. Mimi nilikuwa nimezoea kujenga shule na kukinga chemchemi za maji vijijini, kazi ya matope, hakuna aliyekuwa ananijua. Siku moja wakanipigia simu: wanataka ingénieur wa hapa hapa, anayejua udongo wa kwetu, aje kujenga centre ya kutibu Ebola. Nilivaa koti la harusi yangu kwenda kwenye mkutano wa kwanza. Mama yako alinicheka mpaka akakaa chini.

Sisi tuko Butembo, sikuwa na nyumba Beni, basi nilikaa kwa Masika, mtaa wa Bungulu. Wewe nyumba ile unaijua kuliko mimi, ulishinda vacances zako zote za shule pale. Nyumba ya mbao, uwanja wa kufagiwa vizuri, na harufu ya poireaux, vile vitunguu vya majani, toka mlangoni, kwa sababu kabichi na karoti na poireaux zake zote zilitoka Kipese na zililala barazani zikingoja soko. Alikuwa mzaliwa wa kwanza kwetu. Aliolewa Kalunguta, akafiwa na mume mapema, akakataa kurudi kwa baba, akajitegemea. Alikusuka nywele huku akikuuliza table ya kuzidisha ya saba, ukikosea anavuta kidogo. Ulipopima mbao za ukuta wake kwa kamba ya kufungia mboga, yeye ndiye alisema, "Huyu mutoto atakuwa ingénieur, muangalie vile anafunga jicho moja." Hapa nyumbani unasemaga mimi ndiye nilisema. Nimekuacha useme.

Bon. Kazi.

Wewe umesoma, lakini nitakueleza kama mtu asiyesoma, kwa sababu makosa yangu yamo katika mambo rahisi. Ndani ya centre ya namna ile mtu anakwenda mbele tu. Mganga anaingia upande safi, anapita kwa wanaoshukiwa, anapita kwa ambao damu yao imethibitishwa kuwa na ugonjwa, anatokea upande wa pili, ananyunyiziwa klorini, anavuliwa nguo. Harudi nyuma hata hatua moja, hata kama amesahau miwani. Maji nayo vile vile, kutoka safi kwenda chafu, kamwe si kinyume. Mimi sheria ile niliipenda sana. Nilikuwa nimeishi miaka mingi katika nchi ambamo kila kitu kinarudi nyuma, na hapa kulikuwa na kazi ambamo kurudi nyuma kulikatazwa.

Kiwanja walichotupa kilikuwa na barabara juu na bonde chini. Nilikiona nikafurahi kama mtu aliyepewa mbuzi wa bure. Mlango wa kuingia nikauweka juu, barabarani, ambulance isimame vizuri. Chini kabisa nikaweka chumba cha maiti na njia yake. Kando yake kidogo nikaweka douche ya waliopona na kamlango kao, maana kule maji ya klorini yangeshuka shimoni yenyewe bila bomba refu. Kamlango kalifungukia kwenye migomba, nyuma. Mtu aliyepona alikuwa anaoga, anapewa nguo mpya na cheti, halafu anashuka kwenye migomba kutafuta njia ya kwao. Na kuzunguka kote nikapiga bâche nyeupe, turubai ndefu kuliko mtu. Kwenye karatasi ilikuwa plan nzuri sana. Mpaka leo mwalimu yeyote angenipa alama nzuri.

Wiki ya pili ya kazi, Masika alirudi sokoni, akaweka beseni chini, hata viatu hajavua, akaniuliza.

"Kasereka, mi napita pale kila siku. Naona batu banaingia. Bale benye kupona banapitia wapi?"

"Nyuma, yaya," nikamjibu dada yangu mkubwa. "Ku migomba."

"Na bale banakufa?"

"Nyuma pia. Lakini ni mulango ingine."

"Mulango ingine!" Alipiga mikono. "Nani anaona ile mulango ingine? Sisi ba ku barabara tunaona moja tu. Inameza, inameza, hapana tapika hata mutu moja. Ku soko banasema mule hakuna mwenye kutoka, na mi nashindwa kubakatalia, juu hata mi sijaona mwenye kutoka."

Nikamweleza habari ya maji, ya mteremko, ya safi na chafu. Alinisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Mwanamuke akitoka ku maternité na mutoto yake, tunafanya nini? Tunamungoja ku barabara. Tunamumwangia poudre ya mutoto, tunaimba, jirani banatoka kuangalia. Sasa mutu amepigana na Ebola, ameishinda, na munamupitisha nyuma sawa mwizi wa kuku! Muweke mulango yake huku juu. Batu bamuone na macho."

Kavira, nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka. Nikasema, "Yaya, ile ni mambo ya norme. Maji hapana panda mulima. Weye unajua poireaux, uniachie mambo ya maji." Hayo nilimwambia mtu aliyenibeba mgongoni. Hakukasirika. Alinipakulia obundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, sombe yangu nyingi kuliko yake, tukala.

Nikuambie na lingine, dogo, ili uone mimi ni mtu wa namna gani. Siku zile zile mganga mmoja aliyetoka Kinshasa alisema mabomba yangu ya kunawia mikono yamewekwa juu sana, watoto hawafiki. Niliyapima kwa urefu wangu mwenyewe, ona ujinga. Nilimshukuru, nikaita mafundi, na kabla ya jua kuzama mabomba yalikuwa yameshushwa. Mganga alisema, nikabadilisha siku ile ile. Dada yangu alisema, nikacheka.

Alinirudia mara ya pili. Nikamwambia nitamuuliza chef wa mradi. Alinirudia mara ya tatu, tena alikuwa na furaha, alidhani mambo yameiva. Nikamwambia nilishamuuliza chef na chef amekataa.

Sikuwa nimemuuliza. Sikufungua kinywa. Niliona haya kupeleka mbele ya wakubwa wazo la mwanamke wa soko, na niliona haya zaidi kwa sababu lilikuwa wazo zuri na halikutoka kwangu. Aliniamini. Akasema tu, "Basi, kama bakubwa bamekataa." Akachukua ufagio.

Watu wakaanza kuficha wagonjwa wao. Ambulance ikapigwa mawe, mimi mwenyewe nikapata la begani. Bureau ya mradi ikaomba rapport, niandike sababu: juu ya nini watu hawaji? Nikaandika kwa Kifaransa safi kwamba wakazi ni wakaidi na wanaamini uvumi. Ndiyo maana leo ninakuandikia Kiswahili, hiki changu cha nusu kanisa na nusu soko. Kile Kifaransa kilinisaidia sana kujificha. Uvumi ule nilikuwa nimeujenga mimi, kwa mbao na misumari na bâche nyeupe, halafu nikaandika kwamba ni watu wamejiletea.

Masika alimwosha mama jirani aliyekuwa anatapika. Wote tulikuwa tumeambiwa tusifanye hivyo, na yeye alijua, lakini yule mama alikuwa peke yake na watoto wadogo. Siku chache baadaye nilirudi kutoka chantier, pale kwenye ujenzi, nikakuta kufuli mlangoni. Jirani akasema ameondoka na moto, pikipiki ya kukodi, amejifunika pagne mpaka kichwani, anatetemeka, amekwenda kwa wakwe zake Kalunguta. Nikapiga simu. Akapokea, sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Yaya, rudi. Dawa iko. Mwenye kufika mapema anapona, mi naona na macho yangu."

"Weye unaona," akasema. "Weye uko ndani. Mi niko ku barabara."

"Nakuja kukuchukua mi mwenyewe. Na ukipona nitakutosha inje mi mwenyewe, na mukono yangu."

"Utanitosha ku mulango gani, Kasereka?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema, yaya, nilikudanganya, chef hakukataa, nisamehe, kesho naujenga. Nafikiri angerudi. Sina hakika, lakini nafikiri, na mawazo hayo ndiyo ninalala nayo na kuamka nayo. Nilinyamaza kwa aibu ya kuonekana mwongo mbele ya dada yangu. Akauliza tena, polepole, "Ku mulango gani?" Halafu simu ikakatika, ama aliikata.

Nilikwenda Kalunguta na timu. Wakwe walituambia hayupo. Walikuwa wamemlaza shambani, kwenye kibanda cha kulindia mavuno, na siwalaumu, walificha mtu wao kwa sababu walimpenda. Tulipompata alikuwa hawezi kumeza maji. Alinitazama. Nilikuwa nimevaa ile nguo ya kujikinga, miwani, barakoa, sijui kama alinitambua. Sikusema jina langu. Alikufa kabla ya gari kugeuzwa.

Walimzika watu wa mazishi, na glavu na pampu ya klorini, ndani ya mfuko mweupe. Sisi ndugu tulisimama ng'ambo ya uwanja. Yeye aliyepamba maiti za ukoo mzima, hakuna aliyemfunga hata kitambaa cha kichwa.

Siku iliyofuata niliingia kwa chef. Nilisema yote kwa pumzi moja: mlango wa waliopona uje juu, barabarani, uzio upande ule ushuke mpaka kifuani ili ndugu waone na waongee. Alikuwa anakunywa kahawa. Akasema, "Mais, ingénieur, ni wazo zuri. Juu ya nini hukusema tangu mwanzo?" Akarudi kwenye kahawa yake.

Kazi ilinichukua siku mbili. Nilipandisha douche juu, nikachimba mfereji kando ya uzio mpaka shimoni, nikakata bâche, nikapiga mbao. Maji hayakupanda mlima wowote. Yalishuka vizuri tu, safari yake iliongezeka kidogo. Siku mbili, Kavira. Siku ya pili jioni nilikaa kwenye rundo la mbao nikalia mbele ya mafundi, wakadhani ni msiba, na kweli ulikuwa msiba, lakini si ule waliodhani.

Kanyere, wifi yake wa Kalunguta, aliyekuwa akimnywesha maji kule shambani kabla hatujafika, ndiye alishikwa na homa baadaye. Nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia njoo, mlango uko, barabarani, utauona kabla hujaingia. Akaja, akasimama nje, akauangalia muda mrefu, akaingia. Akapona. Siku ya kutoka, wanawake wa soko walikuja na poudre. Sikuwaita mimi. Walikuwa wenzake Masika, wengine na mabeseni yao kichwani. Kanyere alipotokea pale juu na nguo yake mpya, walimmwagia mpaka akawa mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya unga, wakaimba, moto zikasimama, chauffeurs wakapiga honi, na mzee mmoja ambaye simjui akavua kofia akamwita Mungu kwa sauti, "Nyamuhanga wetu! Kumbe banatoka!" Baada ya hapo watu walianza kuja kwa miguu yao, mmoja mmoja. Si wote, na si kwa siku moja. Lakini walikuja, na wengi wao leo wako sokoni wanabishana bei.

Halafu wakaja wageni wenye vitambulisho shingoni. Wakapiga picha mlango. Wakauliza, wazo hili limetoka kwa nani?

Nilisema, "Kwangu."

Neno moja. Nilisema haraka, mtu hata hakunibana. Wakaandika. Wakanipa ile karatasi yenye mhuri, mama yako akainunulia fremu, na wewe ukaifuta vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa ulichotengea kazi hiyo tu. Ulipomaliza masomo ukaandika kwenye mwanzo wa kazi yako ya kumaliza chuo kwamba baba yako alikufundisha kuwa jengo linaweza kuponya watu. Nilisoma nikaenda kusimama nyuma ya choo.

Hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote unalijua, ulikuwepo.

Kwenye matanga, ukoo umekaa, watu wakauliza: ndugu yake ni mtu wa centre ile ile, imekuwaje amekufa shambani? Nikasimama. Nikasema dada yetu aliamini uvumi, tulimwambia, akakataa. Niliongea vizuri, hata nikanyoosha kidole. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka na macho mekundu, na nikaona macho yale yanabadilika. Ulimkasirikia. Ulirudi Butembo ukafumua nywele alizokusuka, ukazikata. Tangu siku ile ukitajiwa jina lake unasema, "Shangazi alikuwa mukaidi, alijiua mwenyewe." Tunapita Kalunguta kwenda Beni, wewe unaangalia simu. Umeshapita kaburi lake mara ngapi bila kugeuza kichwa, na mimi niko kando yako, ninanyamaza? Nilikunyang'anya mtu aliyekupenda, ili mimi nibaki mkubwa machoni pako. Makosa yangu yote mengine ni madogo mbele ya hilo.

Mukaidi nilikuwa mimi.

Sasa wamekuita kule mbali, ugonjwa ule ule umezuka tena, wanataka maingénieur vijana, na mimi ninaogopa na ninajivuna kwa wakati mmoja. Ungeniuliza ingénieur anafanya nini penye ugonjwa, zamani ningekujibu kwa saa nzima. Haponyi mtu. Anafanya maji yafike, anachimba shimo pale panapofaa, anatenga safi na chafu, hewa ipite, mganga asianguke kwa joto ndani ya nguo ile. Kazi hizo ni kubwa na unaziweza kuliko mimi, nimeona mahesabu yako. Lakini anafanya na kitu kingine ambacho sikufundishwa: anaamua watu walio nje wataona nini na hawataona nini. Mimi niliamua hilo bila kujua kwamba ninaamua. Nilifikiri ninaamua habari ya bomba.

Kama ningerudishiwa chantier ile, siku ya kwanza nisingefungua karatasi. Ningechukua kiti nikakaa kando ya barabara na wauza mboga, kutwa nzima, nikaangalia kile kiwanja kwa macho yao. Sisemi ufanye hivyo. Sina uso wa kukuambia ufanye nini. Ninasema tu kiti kile sikukaa, na nyumba ya kukaa nilikuwa nayo, na mwenye kunionyesha nilikuwa ninakula chungu chake.

Nakuomba tu kitu kimoja, na hata hicho ukikataa nitaelewa. Siku utakuwa na wazo la mtu mwingine kinywani, na wakubwa wamekutazama, na ni rahisi kusema "kwangu", utasikia joto fulani linapanda shingoni. Mimi nililisikia. Ni onyo zuri, halina kosa. Nililimeza tu.

Mama yako hajui haya. Nitamwambia kesho nikirudi kutoka kukusindikiza, kabla ya kuvua viatu, maana nikivua nitakaa, na nikikaa sitasema. Ile karatasi ya salon nimeshaiteremsha. Msumari bado uko, nitaung'oa.

Na plan nimeitoa kwenye tube yako jioni hii, ulipokuwa kwa majirani ukiaga. Usishtuke, imerudi mahali pake. Kwenye kona ya chini, kule tunapoandika majina, palikuwa pameandikwa jina langu mara mbili: aliyebuni, aliyechora. La kwanza nimelikata kwa rula, mstari mmoja, lisomeke ili mtu aone kilichokuwepo. Juu yake nimeandika kwa wino: Masika, muuza mboga, Bungulu. Wakikuuliza huyo ni ingénieur wa wapi, utawajibu unavyoona wewe.

Nilitaka karatasi hii nayo niiweke ndani ya tube, uikute ukifika kule mbali, mimi nikiwa hapa salama kwenye kiti changu. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona ninafanya kile kile tena, ninakupitishia ukweli mlango wa nyuma. Basi hapana. Nitakupa mkononi kesho tukiwa garini, tukishatoka Butembo. Utasoma nikiwa kando yako, na nitavumilia uso utakaokuwa nao.

Unasoma haraka, utamaliza kabla ya Kalunguta. Chauffeurs hawapendi kusimama kwenye njia ile, najua, lakini huyu nimeshaongea naye, yuko tayari kusimama dakika kumi mtu akimwomba. Mimi sitamwomba. Ukinyamaza, tutapita moja kwa moja mpaka Beni, nitakubebea valizi yako mpaka kwenye ndege, na sitakuuliza kitu.

Ukimwambia asimame, shuka wewe kwanza. Nitakuja nyuma yako ukiniita. Huna haja ya kumuuliza mtu njia. Wakwe zake walimchagulia mahali mbele ya nyumba, pale anapoweza kuonwa na kila anayepita. Kaburi liko upande wa barabara.

Baba yako,
Kasereka